Tusome Jani Kabla ya Kupiga Dawa

Kila mwaka mvua za masika zinapoanza kunyesha katika visiwa vyetu, malalamiko nayo huota pamoja na mbegu. Mahindi hayajafika magotini, muhogo haujafunga majani, tayari zinasikika habari kutoka shehia hii na ile kwamba mimea imevamiwa. Wakulima huomba dawa. Masheha huzipeleka habari wilayani, wilaya huzipeleka wizarani, na kila anayezipokea huongeza haraka yake. Lakini kuna jambo moja ambalo mara nyingi halimo katika taarifa hizo tangu zinapoanza safari mpaka zinapomalizia juu ya meza ya mkubwa, nalo ni jina la mdudu mwenyewe.

Taarifa husema “wadudu waharibifu wameshambulia mazao”. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayamfai mtu kitu. Ni sawa na mgonjwa kufika hospitali akasema anaumwa, kisha akapewa vidonge kabla ya kuulizwa anaumwa wapi. Tunapenda kulizungumza jambo hili leo, kwa wakulima na kwa watendaji wa Serikali pia, kwa sababu gharama yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linakadiria kwamba hadi asilimia 40 ya mazao ya dunia hupotea kila mwaka kwa sababu ya wadudu na maradhi ya mimea. Nchi zenye ardhi tele zinaweza kulipuuza jambo hilo kwa muda. Sisi hatuwezi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na ardhi ni hii hii tuliyoirithi, sehemu yake kubwa ikiwa ni mawe. Shamba linaloliwa na wadudu Makunduchi au Micheweni halina shamba jingine la kulifidia. Nayo sumu inayonyunyizwa bila ya kujua inamwendea nani, mara nyingi humwacha adui akiendelea kula na kuwaua wale waliokuwa wakitusaidia. Tusisahau pia kwamba jani la muhogo ni kisamvu. Anayempigia mdudu sumu juu ya kisamvu bila ya kuhesabu siku, ameitia sumu hiyo chunguni.

Jani ndilo shahidi wa kwanza. Mdudu huruka, hujificha mchana, au huingia ndani ya bua asionekane, lakini jani alilolila hubaki pale pale na alama zake. Kwa ujumla wadudu wa mimea wamegawanyika makundi mawili: watafunao na wafyonzao. Mtafunaji huacha tundu, pengo au mfereji. Mfyonzaji hatoboi tundu la kuonekana, bali jani hujikunja, hugeuka manjano, huwa na vidoa vidogo vidogo, au hunata na kufunikwa na masizi meusi. Tofauti hii peke yake yatosha kuokoa fedha nyingi. Sumu inayokaa juu ya jani ili iliwe pamoja nalo humuua mtafunaji, lakini mfyonzaji huupitisha mdomo wake ndani, chini ya sumu hiyo, akaendelea kunywa maji ya mmea kwa raha zake.

Tuanze na mnazi, mti ambao karibu kila mzee wa visiwani anaufahamu. Makuti yake yakionekana yamekatwa kwa umbo la pembetatu, kama kwamba mtu ameyapitishia mkasi kwa kipimo, kazi hiyo ni ya chonga. Wengi wanaliona jambo hilo na kulijua. Lisilofahamika sana ni kwamba kuti halikukatwa likiwa wazi. Chonga alilitoboa lilipokuwa bado limefumbwa katika kilele cha mnazi, naye alikuwa akiutafuta moyo wa mti wala hakuwa na haja na majani. Wiki kadhaa baadaye kuti linafunguka, na ule mtobozo mmoja unaonekana kuwa makato mengi yaliyolingana pande zote mbili za upongoo. Kwa hiyo anayeliona kuti lililokatwa anaona habari ya zamani. Kupiga dawa juu ya kuti hilo ni kumpiga mtu aliyekwisha ondoka.

Je, chonga yuko wapi? Watoto wake wamo katika magogo ya minazi iliyokufa na katika marundo ya samadi na takataka zinazooza. Hao ndio watakaotoka kesho kwenda kutoboa minazi mingine. Mkulima mwenye minazi kumi iliyokatwa makuti na magogo mawili yanayooza mpakani hana haja ya kuiandikia Serikali barua ya kuomba dawa. Ana haja ya shoka na moto, na kwa minazi michanga, ana haja ya waya wenye ncha ya kumvuta chonga kutoka katika tundu lake. Na pale ambapo magogo hayo yamo katika mashamba ya Serikali yenyewe, itabidi shoka lianze huko. Hatuoni uadilifu wa kumhimiza mwananchi kusafisha kishamba chake kilichopakana na msitu wa magogo usio na mwenyewe.

Mnazi una adui mwingine ambaye makuti hayamtaji kabisa. Ni mdudu mdogo afyonzaye vidaka, ambavyo huanguka vikiwa bado vichanga, vina makovu na utomvu ulioganda. Wataalamu walimpa jina lake la kisayansi mwaka 1955, Pseudotheraptus wayi, kwa kumkumbuka mtafiti M. J. Way aliyefanya kazi hapa Zanzibar. Mdudu huyu ana mahasimu wake wakubwa, nao ni chungu maji moto. Uchunguzi uliofanywa Unguja na kuchapishwa mwaka 1960 ulieleza uhusiano baina ya chungu hao na mdudu huyo, na kazi ya Mpango wa Taifa wa Kuendeleza Zao la Minazi, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970, ilizidi kuithibitisha: mnazi wenye maji moto wengi huhifadhi vidaka vyake.

Hapa pana somo ambalo tungependa watendaji walizingatie. Maji moto hujenga nyumba yake kwa kuyavuta majani mabichi pamoja na kuyashona kwa nyuzi zitokazo kwa watoto wake. Asiyejua, akiuona mchungwa wenye majani yaliyokunjwa na kushonwa, huandika kwamba mti umeingiwa na ugonjwa. Mkwezi naye, ambaye ngozi yake inayajua meno ya maji moto kuliko sisi tunaoandika, hutamani wapigwe dawa wote. Malalamiko ya mkwezi na ya mchumaji wa karafuu hayakosi haki. Juu ya mkarafuu, isitoshe, chungu hao huwalinda wadudu wafyonzao kwa ajili ya utamu wanaoutoa, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba ni rafiki wa kila mti. Hata hivyo, katika shamba la minazi, jani lililoshonwa ni dalili ya neema. Akitia dawa hapo, mkulima atavikosa vidaka vyake na asijue nani amemdhulumu.

Sasa tutazame mahindi, ambayo tangu mwaka 2017 yamekuwa na mgeni asiye na haya. Viwavijeshi vamizi, ambao asili yao ni bara la Amerika, waligunduliwa Afrika Magharibi na Kati mwaka 2016, na mwaka uliofuata walikuwa wamefika Tanzania. Kuna wanaowachanganya na viwavijeshi wetu wa tangu zamani, na jina ndilo linalowapoteza. Viwavijeshi wa zamani hutembea makundi kwa makundi, hulifyeka shamba zima na majani ya malisho, wakaacha mishipa ya katikati tu, kisha wakahama. Huyu vamizi hana mwendo wa jeshi. Hukaa katika moyo wa mche, ndani ya majani yaliyojiviringa, na alama zake hubadilika kwa kadiri ya umri wake. Akiwa mdogo hukwangua upande mmoja wa jani na kuuacha ule utando wa upande wa pili, jani likawa na vidirisha vinavyopitisha mwanga. Akikua hutoboa matundu makubwa yenye kingo zilizoraruka, na moyo wa mche ukajaa kinyesi kinachofanana na unga wa mbao uliolowa. Anayetaka uhakika zaidi amkamate amtazame: usoni ana alama ya herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa mraba.

Umri huo ndio unaoamua. Vidirisha vikionekana, kiwavi bado ni mdogo na anaweza kuuawa, iwe kwa dawa iliyoelekezwa ndani ya moyo wa mche asubuhi au jioni, au kwa kutiwa mchanga au jivu humo humo, au kwa vidole vya mkulima mwenyewe anayepita mstari kwa mstari akiyaponda mayai. Unga wa mbao ukijaa, kiwavi amenenepa, amejificha, na sehemu kubwa ya madhara imekwisha fanyika. Dawa inayofika wakati huo, baada ya barua kuzunguka ofisi tatu, hufika kuhudhuria maziko.

Yupo mwengine katika mahindi hayo hayo ambaye ni mwenyeji wa muda mrefu kidogo. Huyu ni funza wa mabua, aliyetoka Asia na kuenea pwani yote ya Afrika Mashariki. Alama yake ni safu ya vitundu vidogo vilivyojipanga kukata upana wa jani kama vilivyotobolewa kwa sindano. Sababu yake ni ile ile ya kuti la mnazi: funza alitoboa mara moja jani likiwa limeviringwa, na lilipofunguka tundu moja likawa safu. Baada ya siku chache huingia ndani ya bua, na moyo wa mche ukakauka, ukivutwa unatoka. Akiwa ndani ya bua dawa ya kunyunyiza haimpati. Katika kumpambania, watafiti wa Kenya walimleta nyigu mdogo kutoka Asia, wakamwachia katika mashamba ya pwani mwaka 1993 ili amtafute funza huko huko ndani. Nyigu huyo haulizi bua limefungwa au liko wazi, lakini naye hufa kwa sumu kama wadudu wengine.

Tuongeze hapa neno moja ambalo halipendezi wauzaji wa dawa. Si kila jani lenye tundu ni njaa. Mche wa mahindi ulio na nguvu, uliopata mbolea na mvua, huweza kupoteza majani mengi ukiwa mchanga kisha ukazaa. Mkulima akihesabu miche katika sehemu tano za shamba lake na kukuta michache tu ndiyo iliyoingiwa, basi subira ni bora kuliko bomba la dawa.

Katika muhogo jambo ni gumu zaidi, na hapo ndipo makosa ni mengi. Maadui watatu hulifanya jani la muhogo lipotoke. Wa kwanza ni kidung'ata, mweupe kama aliyepakwa unga, ambaye mate yake huifanya ncha ya mmea ifumbane kama kabichi ndogo na pingili zikawa fupi. Wa pili ni utitiri wa kijani, ambaye kwa hesabu za wataalamu si mdudu hasa kwa kuwa ana miguu minane. Huyu alionekana Afrika kwa mara ya kwanza Uganda mwaka 1971. Hujaza jani vidoa vya manjano mithili ya vumbi, majani machanga yakawa madogo na kupukutika, bua likabaki limesimama kama kinara cha mshumaa. Wa tatu ni batobato, ambalo ni ugonjwa wa virusi wenye kupeperushwa na inzi weupe na kusafirishwa na sisi wenyewe katika vijiti vya mbegu. Jani lake huwa na mabaka ya kijani na manjano, na sura yake hukunjamana. Ugonjwa huo uliandikwa habari zake Usambara tangu mwaka 1894.

Asiyetazama kwa makini huwaita wote watatu “ukoma wa muhogo” na kuwatafutia dawa moja, ilhali kila mmoja ana dawa yake. Wa batobato tiba ni mbegu safi na kung'oa mche ulioambukizwa ungali mchanga. Wa kidung'ata alipatiwa tiba kwa njia inayostahili kusimuliwa. Alipoingia Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970 akitokea Amerika ya Kusini, alienea nchi baada ya nchi na kuwaacha watu bila ya chakula. Watafiti walikwenda alikotoka kuwatafuta mahasimu wake. Mwanzoni walimpata kidung'ata mwengine aliyefanana naye mno, wakawachukua nyigu wa huyo, nao hawakufaa kitu, kwa sababu hakuwa yule. Mwaka 1981 alipatikana kidung'ata mwenyewe nchini Paraguay, na pamoja naye nyigu aliyekuwa akimwandama. Mwaka huo huo nyigu huyo aliachiwa Nigeria, na baada ya hapo katika nchi nyingi za Afrika. Hans Herren, aliyeiongoza kazi hiyo katika kituo cha utafiti cha Ibadan, alitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Ikiwa mabingwa wa dunia walipoteza muda kwa kuwachanganya wadudu wawili wanaofanana, sisi tunaoandika “wadudu waharibifu” na kutia saini tuna udhuru gani?

Yafaa ikumbukwe vile vile kwamba jani la muhogo lina siri zake. Michirizi ya kahawia, ugonjwa unaousumbua sana muhogo wa pwani, huweza kuacha majani yakiwa karibu mazima, na rangi ya manjano ikatambaa kando ya mishipa ya majani ya chini tu, huku muhogo wenyewe ukioza ardhini. Mkulima huyasifu majani mpaka siku ya kuchimba.

Mazao mengine tutayapitia kwa haraka. Katika mabonde ya mpunga, kama Cheju na Kibokwa, kijidudu kidogo chenye miba hukwangua jani na kuacha mistari myeupe iliyolingana. Mistari yenyewe si balaa kubwa, lakini kijidudu hicho ni mmoja wa wanaoeneza kimyanga, nacho kimyanga huligeuza bonde zima manjano. Katika nyanya, mfereji mwembamba unaozunguka zunguka jani ni kazi ya kiinzi, na mara nyingi mmea huustahamili. Mfereji mpana kama baka, wenye kinyesi cheusi ndani yake, ni kantangaze, aliyeingia Tanzania mwaka 2014, na huyo hasamehi. Katika migomba, mistari ya kahawia inayogeuka meusi na kulikausha jani haina mdudu hata mmoja. Ni kuvu, ugonjwa ulioonekana Pemba mwaka 1987 kabla ya kujulikana mahali pengi pa Afrika Mashariki. Aliyewahi kuipigia migomba hiyo dawa ya wadudu ajue kwamba fedha yake ilikwenda na upepo.

Ni dhahiri basi kwamba kazi hii inataka watu zaidi kuliko inavyotaka madawa. Mabwana shamba na mabibi shamba wetu wamesoma, na wengi wao wanazijua alama hizi kuliko gazeti. Mushkeli ni kwamba wanahesabiwa kwa idadi ya vikao walivyohudhuria na ripoti walizojaza. Tunashauri fomu za taarifa za wadudu zibadilishwe. Badala ya nafasi moja ya kuandika “aina ya uharibifu”, ziulize: zao gani na umri gani, jani la juu au la chini, pembeni, katikati au ndani ya moyo, tundu, mfereji, kujikunja au kubadilika rangi, pana kinyesi au hapana, miche mingapi katika mia. Fomu ya namna hiyo hujazwa shambani tu, haijaziki chini ya feni.

Bandari nazo zina sehemu yao. Wengi wa maadui tuliowataja walivuka bahari, na baadhi yao hawakuruka wenyewe, bali walibebwa katika miche, vijiti vya muhogo na matunda. Jahazi linaloshusha machipukizi ya migomba usiku katika bandari bubu laweza kushusha hasara ya miaka thelathini. Tunajua kwamba maofisa wa ukaguzi wa mimea ni wachache na pwani yetu ni ndefu. Sheha wa kijiji cha pwani, hata hivyo, anaijua kila bandari bubu iliyoko katika shehia yake, wala hahitaji kuelekezwa.

Tunaiomba wizara inayohusika na kilimo iweke katika kila ofisi ya shehia yenye wakulima picha kubwa za majani haya, kwa rangi zake, na maneno ya Kiswahili chetu, yakiwamo majina ambayo wakulima wenyewe wanawaita wadudu hao Unguja na Pemba, kwani majina hayo hayalingani na mara nyingine hupingana. Na mkulima atakayekutana na alama asiyoifahamu asingoje kutembelewa. Achume majani matatu, moja lililoanza kuharibika, moja lililoharibika sana na moja zima, na mdudu mwenyewe kama amepatikana, ayapeleke kwa bwana shamba au kituo cha utafiti Kizimbani siku ile ile. Asiyatie ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu yatatoa jasho na kuoza njiani, alama zikapotea. Ayakunje katika gazeti kavu, na hili litafaa likishasomwa.